Goma: Masini yako haijafa, usikubali kuizika

GOMA, Kivu Kaskazini – Kuna sentensi moja ambayo karibu kila mwenye kompyuta ya mezani katika mji huu amekwisha kuambiwa: "Hii imezeeka, tafuta nyingine." Inasemwa Birere, inasemwa Virunga, inasemwa karibu na milango ya vyuo vikuu, na mara nyingi anayeisema hata hajafungua skurubu moja ya masini hiyo. Kwa sentensi hiyo mwenye sekretaria anaingia deni, mwanafunzi anayemalizia TFC yake anauza simu, na shule inageuza chumba cha kompyuta kuwa depo ya viti vilivyovunjika.

Ninasema wazi: mara nyingi sentensi hiyo ni uongo. Na kwa mji ulio katika hali yetu ya leo, ni uongo wa gharama kubwa. Tangu vita vya Januari 2025 benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Dola ya kununua masini nyingine haiokotwi barabarani. Anayekuambia utupe kompyuta ambayo ingeweza kukuhudumia miaka mingine minne au mitano anakuchukulia chakula cha watoto.

Tuelewane ninazungumza juu ya masini gani. Ni zile sanduku nyeusi za Dell OptiPlex na HP Compaq tunazozijua wote. Zilifanya kazi miaka michache katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikashuka Mombasa au Dar es Salaam, zikapita Kampala au Kigali, mwishoni zikavuka mpaka hadi kwetu zikiitwa "okazio ya Ulaya". Nyingi kati ya hizo ni za miaka ya 2009 hadi 2013. Ndani yake kuna prosesa, yaani kile kibati kidogo cha mraba kinachopiga hesabu zote. Watu husema ndiyo ubongo wa kompyuta, na hawakosei.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hakuambii. Katika masini za namna hiyo, ubongo huo haukugundishwa. Umekaa ndani ya soketi na umeshikwa na kikono kidogo cha chuma. Unainua kikono, unatoa prosesa, unaweka nyingine yenye nguvu zaidi, unashusha kikono. Waliotengeneza masini waliifanya hivyo makusudi, ili ofisi tajiri za kwao zisilazimike kununua kila kitu upya. Kwa nini tajiri apewe ruhusa ya kubadilisha kipande kimoja, halafu maskini wa Goma aambiwe anunue sanduku zima?

Hesabu ambayo hawataki uifanye

Tuchukue mfano mmoja. Sekretaria ina Dell OptiPlex 790. Ndani yake kuna Core i3-2100, prosesa yenye viini viwili. Mteja analeta TFC ya kurasa mia moja yenye picha na jedwali, mwingine anataka kuskani, kivinjari kimefunguliwa kurasa sita, na masini inaanza kupumua kama mtu anayepandisha mzigo wa makaa kutoka Kituku.

Intel ilitoa i3-2100 mwanzoni mwa 2011. Msimu ule ule ilitoa i5-2400 yenye viini vinne, na i7-2600 yenye viini vinne vinavyoweza kushika kazi nane kwa pamoja kwa mwendo wa gigahezi 3.4. Zote tatu zinakaa katika soketi moja inayoitwa LGA 1155, juu ya ubao-mama ule ule, ambao mafundi wetu wanauita kartimere. Leo katika masoko ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani i5-2400 iliyotumika inauzwa chini ya dola 20. Hata ukiongeza safari, mpaka na faida ya muuzaji, bado huwezi kuilinganisha na bei ya masini nzima.

Bei ya Birere, bila shaka, inategemea sura ya mnunuzi. Ukiingia ukisema "nataka prosesa", utapigwa bei ya kitu usichokijua. Ukiingia ukisema "nataka i5-2400, soketi 1155, nitaijaribu hapa hapa", muuzaji anakaa vizuri kwenye kiti. Jina lile peke yake limekwisha kukushushia bei. Ndiyo maana ninasema kinachouzwa sana mjini hapa ni ujinga wetu sisi wanunuzi, vipande vinakuja nyuma.

Jifunze kusoma jina hilo. Katika majina mengi ya namna hii, namba ya kwanza baada ya kistari inaonyesha kizazi: i5-2400 ni ya kizazi cha pili, i5-8400 ni ya kizazi cha nane, na kati yao kuna zaidi ya miaka sita. Kwa hiyo "masini ya i5" ni maneno matupu. Na "i7" vilevile. Kuna i7 za mwaka 2008, na i3-8100 ya mwaka 2017 inaipita i5-2400 bila jasho. Karatasi ya kung'aa iliyobandikwa usoni mwa sanduku si ushahidi wa chochote, maana karatasi hubandikwa na mtu. Washa masini, ingia kwenye sifa za sistemu, soma jina kamili kwa macho yako.

Uongo wa pili: "tubadilishe prosesa tu"

Lakini sitawapa mafundi wote baraka kwa sababu nimewagombeza wauzaji. Kuna uongo wa pili, na huu ni mtamu zaidi kwa sababu unafanana na msaada. Masini ikiwa nzito, fundi anasema: "Ni prosesa, leta pesa." Analipwa, anaweka prosesa, na baada ya wiki moja masini iko nzito vile vile. Mwenye masini anaamini kweli imekufa, anarudi kwenye sentensi ya kwanza. Nimeona mwanafunzi aliyelipishwa prosesa kwa masini ambayo diski yake ilikuwa inakufa. Prosesa mpya ilikuwa inakaa bila kazi ikingojea diski ilete faili.

Hapo hauhitaji diploma ya informatiki. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja kwenye klavie yako ya Kifaransa. Windows inafungua dirisha linaloonyesha nani anafanya kazi na nani amechoka. Fanya kazi zako za kawaida, uangalie.

Kama mstari wa diski umepanda hadi asilimia 100 huku prosesa imelala kwenye asilimia 15, ugonjwa uko kwenye diski. Diski ngumu ya zamani ni sahani inayozunguka na mkono unaosoma, kwa hiyo inachoka kama kila kitu kinachozunguka. Weka SSD ndogo, na utadhani umepewa masini nyingine. Kama ni kumbukumbu iliyojaa, yaani RAM ya gigabaiti mbili inayobebeshwa kazi ya nane, ongeza barete. Lakini kama diski imetulia, RAM ina nafasi, na prosesa ndiyo inayokaa kwenye asilimia 90 au 100 muda wote, basi hapo, na hapo tu, toa pesa ya prosesa.

Fundi asiyekuonyesha dirisha hilo kabla ya kutaja bei anakisia. Kukisia si kosa kwa mganga wa mitishamba pekee.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ni wa kwetu kabisa. Barabara nyingi za mitaa yetu ni mawe ya Nyiragongo yaliyosagwa na magari na chukudu. Vumbi hilo jeusi linaingia kila mahali, na feni ya kompyuta inalivuta mchana kutwa. Linajaa kwenye radiateri, kile chuma chenye meno kinachokaa juu ya prosesa ili kuipoza. Hewa haipiti tena. Prosesa ikifikia joto la hatari inapunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Mwenye masini anaona uzito tu, anasema imezeeka. Haijazeeka, imezibwa pua! Brashi laini, hewa ya pampu, na pati mpya ya joto kati ya prosesa na radiateri vinaweza kurudisha masini ambayo ilikwisha kuhukumiwa. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote. Kazi hiyo ni ya saa moja, na wapo wanaoilipisha kama upasuaji wa moyo.

Mambo matano ya kuuliza kabla ya kubadilisha

Ukihakikisha kwamba prosesa ndiyo tatizo, usikimbie sokoni. Soketi moja haitoshi kuwa jibu. OptiPlex 790 ina soketi LGA 1155 na inapokea prosesa za kizazi cha pili. Prosesa za kizazi cha tatu nazo ni LGA 1155, zinaingia vizuri kabisa kwenye soketi hiyo, na masini haitawaka. Lakini ndugu yake OptiPlex 7010 inazipokea zote, za pili na za tatu. Anayekuuzia i5-3470 kwa ajili ya OptiPlex 790 amekuuzia kipande kizuri kwa masini isiyo yake.

Kwa hiyo uliza, au mwambie fundi akuulizie: Soketi ni ipi? Ubao-mama unaikubali prosesa hiyo kwa jina lake? BIOS ni ya toleo gani? Alimantasio, ile boksi inayogawa umeme, inaweza? Na radiateri inaweza kupoza joto lake?

Swali la BIOS ni zito hapa Goma kuliko mahali pengine. Wakati mwingine ubao-mama unahitaji programu mpya ya BIOS ili utambue prosesa mpya. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati yake, ubao wote unaweza kufa palepale na usiwake tena. Katika mji ambao umeme unaweza kuondoka bila kuaga, mtu anayefanya kazi hiyo bila onduleri anacheza kamari kwa pesa yako. Mkatalie.

Swali la joto nalo si la mapambo. i3-2100 ni ya wati 65, na i5-2400 na i7-2600 ni za wati 95. Masini iliyotoka kiwandani na prosesa ndogo inaweza kuwa na radiateri ndogo. Ukiweka prosesa kubwa juu ya radiateri ndogo katika sanduku jembamba, itapunguza mwendo kila ikipata joto, na pesa yako imekwenda bure.

Na mikono! Katika soketi hizi za Intel, miguu midogo mamia kwa mamia haiko kwenye prosesa, iko kwenye ubao. Ukiigusa kwa kidole au ukaangusha prosesa kwa upande, inapinda, na kuinyoosha ni kazi ya mwenye darubini na subira. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha sanduku ili kutoa umeme wa mwilini, panga alama ya pembetatu ya prosesa na ile ya soketi, iache iketi yenyewe bila kuisukuma. Pati ya joto ni kiasi cha punje ya haragi ndogo, isipakwe kama siagi kwenye mkate. Feni irudishwe kwenye waya wake. Kisha washa, ingia BIOS, soma jina la prosesa na joto lake. Hapo ndipo ulipe.

"Lakini Microsoft imesema..."

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Wauzaji wameipokea habari hiyo kama mvua ya masika. "Umeona? Hata Microsoft imesema hizo zimekufa." Windows 11 inadai rasmi, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Hapa nisiwadanganye: kubadilisha i3-2100 kwa i7-2600 hakutaifanya OptiPlex 790 ikubaliwe rasmi na Windows 11. Fundi anayekuahidi hivyo ni mwongo wa tatu.

Lakini angalia kilichotokea. Tarehe 13 Oktoba masini ilikuwa inaandika barua, inahesabu mishahara, inachapisha TFC. Tarehe 15 Oktoba ilikuwa inafanya vile vile. Hakuna kipande kilichovunjika usiku ule. Kilichobadilika ni uamuzi wa kampuni iliyo upande mwingine wa dunia, ambayo haijui Ndosho wala Mabanga. Hatari ya usalama ipo, na mtu anayefanya kazi za pesa asiipuuze. Ila dawa yake si lazima iwe masini nyingine.

Kuna Linux Mint, kuna Ubuntu, za bure na halali, zinazoendelea kupata marekebisho ya usalama, na zinatembea vizuri kwenye masini ya viini vinne yenye gigabaiti nane. Kuna LibreOffice ya kuandikia, kwa Kifaransa, na inafungua faili za Word. Mtaniambia wateja wamezoea Windows. Kweli. Na wengi wetu tumezoea Windows ya kunakiliwa, iliyowekwa kwa ufunguo wa kuibwa, yenye virusi vinavyohama kwa funguo za USB kutoka sekretaria moja hadi nyingine. Je, mazoea hayo ndiyo tunayoyalilia? Neno ubuntu wenyewe sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Tujaribu.

Ndani yake kuna udongo wetu

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike kwa hasira, na watu wa jimbo hili wataielewa haraka kuliko mwingine yeyote.

Ndani ya prosesa kuna nyaya za shaba nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Ili shaba hiyo isipenye na kuharibu silikoni, huzungushiwa tabaka jembamba la tantali. Tantali inatoka kwenye koltani. Risasi ya kuunganishia vipande kwenye ubao-mama inatengenezwa kwa bati. Ncha za prosesa zinazogusana na soketi zimepakwa dhahabu. Koltani, bati, dhahabu: mtoto wa Masisi au Walikale anaweza kukutajia mashimo yanakotoka kabla hajajua kuwasha kompyuta. Rubaya peke yake inahesabiwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Bisie, huko Walikale, ni kati ya migodi mikubwa ya bati duniani.

Wazee wa biashara ya madini hawajasahau mwaka 2010. Marekani ilipitisha sheria ambayo hapa tuliiita "sheria ya Obama", ikizitaka kampuni zieleze kama madini yao yametoka kwenye vita vyetu. Mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, Kinshasa ilifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji walikaa bila kazi, na watoto walitolewa shuleni. Kisha Januari 2014 Intel ikatangaza kwa fahari kwamba prosesa zake hazina tena madini ya vita.

Vizuri. Lakini i5-2400 ilitoka Januari 2011, miaka mitatu kabla ya tangazo hilo. Hakuna anayeweza kukuhakikishia tantali iliyomo ndani yake ilichimbwa na nani, chini ya bunduki ya nani. Na huyo anayekuambia uitupe kwenye mawe ya lava anakuambia utupe kitu ambacho pengine mtu wa kwetu alikitoa chini ya ardhi kwa mikono. Dunia imejadili sana madini yanatoka wapi. Imejadili kidogo sana masini iishi miaka mingapi. Kwetu sisi maswali hayo ni moja: kila masini inayotupwa kabla ya wakati wake inaitisha koltani nyingine kutoka mlima mwingine.

Na zikitupwa zinakwenda wapi? Zinavunjwa kwa nyundo nyuma ya duka, waya zinachomwa ili kupata shaba, moshi unaingia kwenye nyumba, na kinachobaki kinasukumwa na mvua kuelekea ziwa. Jirani zetu wa Rwanda wana kiwanda huko Bugesera cha kupokea masini zilizochoka, kurekebisha zinazorekebika na kutenganisha zilizobaki. Sisi tunaotoa madini hatuna hata sehemu moja ya mji inayojulikana kwamba hapo ndipo unapeleka kompyuta iliyokufa.

Wanaopinga wana haki kidogo

Nimesikia majibu, na mengine yana uzito. Wanasema masini ya mezani inakula umeme, na umeme wa Goma, uwe wa Virunga Energies, wa Nuru au wa SNEL, unalipiwa. Ni kweli kwamba kompyuta ya kubeba inakula kidogo na ina betri. Lakini wati 95 si kiasi inachokula kila saa. Ukiandika barua, prosesa inatumia sehemu ndogo tu ya hizo. Na kwa anayeishi kwa jua na betri, Intel ilitoa prosesa za familia hiyo hiyo zenye tamaa ndogo: i5-2400S ya wati 65, na i5-2500T ya wati 45, zote za viini vinne. Fundi anayejua kazi yake atakutafutia hiyo badala ya kukupa i7 ya kujivunia.

Wanasema pia: kwa nini usinunue tu kompyuta ya kubeba? Nunua ukiweza. Ila ujue kwamba katika kompyuta nyingi za kubeba za miaka hii kumi, prosesa imechomewa kwenye ubao, na katika baadhi hata RAM. Ikichoka, imechoka. Sanduku la mezani ndilo lililobaki kama masini ambayo mwenyewe anaweza kuifungua na kuitawala. Tunakimbilia kilichofungwa, tunadharau kilicho wazi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Na wanasema kuna masini ambazo kweli zimekwisha. Nakubali. Ubao uliovimba kondensateri, masini ya Pentium 4 yenye RAM isiyopatikana tena, sanduku lililolowa maji: hizo zitoe vipande, kisha uziage. Nani alisema kila mgonjwa anapona? Ninachodai ni kwamba mgonjwa apimwe kabla ya kaburi kuchimbwa.

Tunadai nini

Kwa wauzaji: andikeni jina kamili la prosesa kwenye risiti, pamoja na RAM na diski, na mpe mteja muda wa kujaribu. Anayekataa kuandika anajua kwa nini anakataa.

Kwa mafundi: onyesheni ugonjwa kabla ya bei, na rudisheni kipande cha zamani mikononi mwa mwenye masini. Prosesa iliyotolewa ni mali yake. Ile i3 iliyotoka kwenye sekretaria yangeweza kuamsha masini ya shule. Fundi mwaminifu hatapoteza mteja kwa hilo, atapata watatu.

Kwa ofisi na mashirika yaliyojaza masini za zamani kwenye makontena: futeni diski zenu, kisha mzitoe. Masini tano zilizokufa zinaweza kuzaa mbili au tatu zilizo hai. Zikikaa kwenye kontena miaka kumi hazizai kitu.

Kwa shule zenye masomo ya informatiki: acheni kumfundisha mtoto kompyuta kwa kuchora klavie ubaoni. Masini mbovu ndiyo kitabu bora kuliko vyote, kwa sababu mtoto hawezi kuiharibu zaidi. Mpeni bisibisi. Atoe prosesa, asome jina lake, airudishe. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hatadanganywa Birere maisha yake yote, na kesho ndiye atakayekuwa fundi wa mtaa.

Na kwetu sisi wakaaji: tuache kuona aibu ya kitu cha zamani. Huu ni mji ambao lava iliuangusha tarehe 17 Januari 2002, nasi tukachonga mawe yale yale na kujengea nyumba. Huu ni mji uliosimamisha sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia. Chukudu ikivunjika gurudumu, hakuna anayechoma chukudu nzima. Analeta mbao, anachonga gurudumu, anavisha mpira wa tairi, asubuhi anapandisha viazi. Hatukufundishwa hilo na mtu wa Ulaya. Sasa ni lini tuliamua kwamba akili hiyo haifai mbele ya sanduku lenye waya?

Kwa hiyo atakayekuambia tena kwamba masini yako imekufa, usibishane naye na usimpe pesa. Mwambie avue kifuniko kwanza, akuonyeshe maiti.